Resident Evil ya zamani, ya kati au ya sasa: ipi uanze nayo

Anayetaka kuingia katika mfululizo wa Resident Evil leo hukuta gemu nyingi zenye majina yanayokaribiana, na baadhi yake zina namba moja ilhali zimepishana kwa takriban miaka 20. Kuna Resident Evil 2 ya 1998 na Resident Evil 2 ya 2019. Kuna Resident Evil 4 ya 2005 na nyingine ya 2023. Ile ya kwanza kabisa, ambayo kampuni ya Capcom ya Osaka iliitoa Machi 1996 na ambayo Wajapani wanaijua kwa jina la Biohazard, nayo ilitengenezwa upya mwaka 2002. Ushauri anaopewa mgeni mara nyingi ni kufuata namba, aanze na moja na kuendelea mbele. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu hadithi ya mfululizo huu inaweza kueleweka hata ukiingilia katikati, lakini namna gemu inavyokutisha haifanani kati ya kipindi kimoja na kingine, na hiyo ndiyo itakayoamua kama utaimaliza au utaizima baada ya saa moja.

Katika miaka yote hiyo maadui hawakubadilika sana. Ni watu na wanyama walioharibiwa na virusi, vimelea au kuvu, na nyuma yao yupo aliyetaka kugeuza ugonjwa kuwa silaha. Kilichobadilika ni mahali kamera inapokaa, na pamoja nacho kiasi cha risasi na vitu unavyoruhusiwa kubeba. Nitalinganisha gemu hizi kwa vipimo hivyo viwili.

Kamera ya ukutani: 1996 hadi 2002

Gemu ya 1996, iliyoongozwa na Shinji Mikami, inawafungia askari wachache wa kikosi maalumu cha polisi kiitwacho S.T.A.R.S. ndani ya jumba la Spencer, katika milima ya Arklay nje ya Raccoon City, mji wa kubuni wa Marekani. Kamera haimfuati mhusika. Imefungwa kwenye pembe ya chumba, na picha ya chumba chenyewe ilichorwa mapema kwa kompyuta, hivyo huwezi kuizungusha. Ukivuka mpaka fulani usioonekana, picha inabadilika ghafla na unajiona kutoka upande mwingine. Kwa sababu hiyo mara nyingi unasikia kabla ya kuona: unyayo unaoburuzwa sakafuni, au mguno unaotoka nyuma ya kona ambayo kamera haijakuonyesha bado. Hata milango, inayofunguka polepole kwenye skrini nyeusi kila unapohama chumba, iliwekwa ili kuficha muda ambao mashine ilikuwa ikisoma diski, lakini inakupa sekunde kadhaa za kujiuliza kuna nini upande wa pili.

Kipimo cha pili kinabana zaidi. Kati ya askari hao unachagua mmoja wa kumwendesha: ukimchagua Chris Redfield unabeba vitu sita tu, na ukimchagua Jill Valentine unabeba vinane. Bastola ni kitu, risasi za akiba ni kitu, mmea wa dawa ni kitu, ufunguo ni kitu. Kuhifadhi ulipofika kunahitaji taipureta na utepe wa wino, na tepe hizo zina idadi maalumu, kwa hiyo hata kupumzika kuna gharama. Uendeshaji nao ni wa aina yake: ukibonyeza juu, mhusika anakwenda kule anakoelekea yeye, wala si juu ya skrini, na ukibonyeza kushoto au kulia anageuka papo hapo kama kifaru cha vita. Wageni wengi hushindwa hapo.

Kibanda nilichochezea gemu hii mara ya kwanza kilikuwa na kadi moja ya kumbukumbu kwa wateja wote, na siku moja nilikuta mwenzangu aliyenitangulia amehifadhi ligi yake ya mpira juu ya kazi yangu ya saa nne. Niliumia sana. Nilipoanza upya nilifika palepale kwa chini ya saa mbili, nikiwa na risasi mara mbili ya zile za mwanzo, kwa kuwa sasa nilijua ni zombi yupi wa kumpita ukutani bila kumgusa na ni yupi wa kumwangusha kwa sababu ushoroba wake ningeurudia mara tano. Ndipo nilipoielewa gemu. Jumba la Spencer ni ramani unayoijenga kichwani, na kila risasi ni malipo ya njia fulani kuwa salama.

Toleo la 2002, ambalo pia aliliongoza Mikami, linalishika jambo hilo na kulipindua. Zombi uliyemwangusha kwa risasi, usipomchoma moto au kumpasua kichwa, baada ya muda anaamka tena akiwa mwekundu, mwenye kucha ndefu, na safari hii anakimbia. Ili kumchoma unahitaji kiberiti cha gesi na chombo cha mafuta ya taa, ambacho kikijaa kinatosha maiti mbili tu, kisha urudi kukijaza katika vyumba vichache vyenye dumu. Chombo kinachukua nafasi katika zile sita au nane ulizonazo, na ukiwa Jill kiberiti nacho kinachukua yake. Hivyo swali la 1996 lilikuwa “nimuue au nimpite?”, na la 2002 ni “nikimuua, nitaweza kurudi kumchoma kabla hajaamka?” Katika mfululizo mzima sijaona wazo lililo bora kuliko hilo.

Kwa mtu anayechagua kati ya hizo mbili, basi, jibu langu ni lile la 2002, kwa sura iliyosafishwa ya mwaka 2015, ambamo unaweza kuchagua uendeshaji wa kisasa ambapo mhusika anakwenda kule unakosukuma kijiti. Haihitaji mashine yenye nguvu. Toleo la 1996 linapatikana tena kwa kompyuta tangu mwaka 2024, pamoja na la pili na la tatu ya zamani hizo, na linamfaa anayetaka kujua historia. Resident Evil 2 ya 1998, iliyoongozwa na Hideki Kamiya, nitairudia mbele kidogo.

Kamera ya begani: 2005

Kabla ya Resident Evil 4 kutoka Januari 2005, Capcom ilikuwa imeanza na kutupa majaribio kadhaa ya gemu hiyo, na moja kati yake lilikengeuka kiasi cha kutolewa kama gemu nyingine kabisa, Devil May Cry, mwaka 2001. Jaribio lililobaki lilihamisha kamera kutoka ukutani likaiweka nyuma ya bega la mhusika mkuu, Leon S. Kennedy. Tangu hapo unaona unakoelekea, unalenga sehemu ya mwili unayoitaka, na kona hazina tena siri zile za zamani. Hofu ililazimika kutafutiwa chanzo kingine, nacho kikawa wingi wa watu.

Tazama dakika za mwanzo. Leon anaingia katika kijiji cha mashambani huko Uhispania akimtafuta binti wa Rais wa Marekani, na wanakijiji wanaotawaliwa na kimelea wanamzunguka na mauma na mashoka. Unakimbilia ndani ya nyumba, unasukuma kabati mlangoni, wao wanaegemeza ngazi dirishani, na wakati huohuo unasikia msumeno wa mnyororo ukiwashwa nje. Unaamua kusimama kupiga risasi, na hapo sheria kuu ya gemu inakubana: ukiinua bunduki, miguu inaganda. Huwezi kulenga huku ukitembea. Kila risasi unailipia kwa kusimama wima mbele ya watu wanaokukaribia, hadi kengele ya kanisa inapolia na wote wanakuacha, wakaelekea inakoita.

Kuhusu mzigo, sanduku la Leon ni jedwali la miraba ambamo bunduki ndefu inachukua miraba mingi na yai la kuku linachukua mmoja, na kuna mfanyabiashara anayekununulia vito na kukuuzia silaha. Maadui hudondosha risasi na fedha. Mchezaji wa jumba la Spencer alikuwa akihesabu. Wa kijiji hiki anapanga na kufanya biashara. Wapo wanaosema mfululizo uliacha kutisha mwaka 2005. Naona hukumu hiyo ni kali mno, ingawa ni kweli kwamba hapa unakuwa mwenye nguvu kadiri unavyoendelea, na mwenye nguvu haogopi kwa muda mrefu.

Ukilinganisha ya 2005 na ya 2023, tofauti kubwa ni miguu na kisu. Katika ile mpya Leon anatembea huku akilenga, anachuchumaa na kujificha, na anaweza kukinga hata msumeno kwa kisu ambacho huchakaa na kutaka kukarabatiwa. Ili kufidia uhuru huo, watengenezaji waliwafanya maadui kuwa wakali na wenye kasi zaidi. Binti wa Rais, Ashley Graham, ambaye katika ya kwanza alikuwa kama mzigo unaopiga kelele, sasa ana utu na anazungumza na Leon kama mtu. Mgeni achukue ya 2023 bila wasiwasi. Hata hivyo, anayependa kuona jinsi kikwazo kimoja, yaani ile miguu inayoganda, kinavyoweza kuibeba gemu nzima, akicheza ya 2005 hatajuta.

Kijuju, na Kiswahili chetu

Resident Evil 5 ya Machi 2009 inatugusa wasemaji wa Kiswahili kuliko nyingine zote, na sioni haki kuipita haraka. Chris Redfield anatumwa Kijuju, eneo la kubuni ambalo gemu inaliweka Afrika Magharibi, akiwa na mwenzake Sheva Alomar. Wakazi wake wameingizwa vimelea na wanaitwa Majini, na gemu yenyewe inaeleza kwamba neno hilo ni la Kiswahili. Wanapokushambulia wanapiga kelele kwa Kiswahili. Kimelea kinachotoka mwilini na kuruka kinaitwa Kipepeo, kingine kinachorukia kichwa kinaitwa Bui Kichwa, na popo mkubwa wa kupambana naye anaitwa Popokarimu, jina ambalo msomaji wa Kiswahili atalisikia kama “popo mkarimu”, na ambalo haliendani na mnyama huyo hata kidogo.

Nakumbuka jinsi nilivyoshtuka nilipoyasikia maneno ya nyumbani kutoka kwa mtu anayekuja kuniua. Kwa mchezaji wa Ulaya sauti zile ni kelele za kigeni zisizo na maana, na zimewekwa hivyo makusudi. Kwangu zilikuwa lugha ya sokoni. Hapo ndipo gemu inaponikwaza. Kiswahili si lugha ya Afrika Magharibi, na yeyote aliyetazama ramani angejua. Kwetu pwani neno majini nalo ni pana kuliko pepo wabaya, kwa maana wapo majini wema na wabaya, na mtu aliyepandwa na jini hupelekwa kutulizwa, hapigwi risasi. Baadaye katika vinamasi unapambana na watu wa kabila la kubuni la Wandipaya, wakiwa wamevaa sketi za nyasi na vinyago na kurusha mikuki. Picha za mwanzo zilizotolewa mwaka 2007 zilizua lawama kwa kumwonyesha mwanamume mzungu akiwapiga risasi wanakijiji weusi, na sehemu hiyo ya vinamasi inaonyesha kwamba lawama hizo hazikuwa za bure.

Nikiiweka kwenye vipimo vyangu, kamera ni ileile ya begani, na miguu bado inaganda ukilenga, lakini sasa mko wawili. Kila mmoja ana nafasi tisa, na ukifungua mzigo wako gemu haisimami, hivyo kumpa mwenzako risasi wakati adui anawajia ni jambo la kupigia kelele kwa furaha sebuleni. Ukicheza na rafiki, ni gemu nzuri sana. Ukicheza peke yako, Sheva anaongozwa na mashine na atatumia dawa na risasi kwa namna usiyoitaka. Kwa hiyo nenda nayo ukiwa na mtu na pedi mbili, ukijua utakachokiona.

Resident Evil 6 ya 2012 inatosha sentensi chache. Ina hadithi nne zinazopishana, milipuko mingi na hofu kidogo, na wachezaji wengi wa zamani hawakuipokea vizuri. Usianze nayo.

Kamera ya machoni: 2017 na 2021

Resident Evil 7, iliyotoka Januari 2017 chini ya uongozi wa Koshi Nakanishi, ilirudi nyumbani kwa njia ambayo sikuitarajia. Iliacha miji inayoungua na kuingia katika nyumba moja ya familia ya Baker huko Dulvey, jimbo la Louisiana, ambako Ethan Winters anamtafuta mkewe aliyetoweka kwa miaka mitatu. Kamera imekuwa macho ya Ethan. Kona zikarudi kuwa na siri, kwa kuwa sasa huoni kilicho nyuma yako, na milango ikarudi kuwa ya kutisha, kwa kuwa unaisukuma polepole na kuchungulia. Jack Baker, baba wa nyumba, anakufuata chumba kwa chumba na anaweza kuvunja ukuta ili akufikie. Risasi ni chache, nafasi ni chache, na kuna sanduku la kuwekea vitu kama lile la 1996. Kwa hofu tupu, hakuna inayoifikia nusu yake ya kwanza. Nusu ya pili, hasa ile ya ndani ya meli, inapungua nguvu, kwa kuwa inabadilisha nyumba uliyoizoea kwa korido zisizo na kumbukumbu.

Resident Evil Village ya Mei 2021 inamfuata Ethan huyohuyo hadi kijiji cha Ulaya Mashariki chenye ngome ya Bibi Dimitrescu, na inachanganya macho ya 2017 na biashara ya 2005, kwa maana mfanyabiashara na sanduku la miraba vimerejea. Haitishi kwa kiwango kimoja. Sehemu ya nyumba ya Beneviento, ambamo unanyang’anywa silaha zote na kuachiwa giza na mafumbo, inaweza kumfanya mtu mzima aweke pedi chini. Kiwanda cha mwishoni ni vita tu. Kwa wanaopata kizunguzungu kwa kamera ya machoni, nyongeza ya kulipia ya Oktoba 2022 iliongeza kamera ya nyuma ya mhusika. Capcom iliendelea na mwelekeo huo katika Resident Evil Requiem, iliyotangazwa mwaka 2025, ambamo mchezaji anajichagulia kati ya macho na bega.

Kituo cha polisi, mara mbili

Nimeiacha Resident Evil 2 mwisho kwa sababu ndiyo inayonipa jibu. Zote mbili zinakuingiza katika kituo cha polisi cha Raccoon City usiku ambao mji umekwisha, ukiwa Leon katika siku yake ya kwanza kazini au Claire Redfield anayemtafuta kaka yake. Ya 1998 ina kamera ya ukutani na mpango wa hadithi mbili zinazoachiana vitu: silaha uliyoichukua ukiwa mtu wa kwanza haitakuwepo utakapopita ukiwa wa pili. Mpango huo ni bora kuliko ule wa 2019, ambapo safari ya pili inarudia mafumbo na mapambano yaleyale kwa kiasi kinachochosha, na nasikitika kwamba haukutunzwa.

Lakini ya 2019 imefanya jambo ambalo hakuna nyingine katika mfululizo huu iliyolifanya vizuri hivyo. Imechukua kamera ya bega ya 2005 na kuirudisha ndani ya hesabu ya 1996. Unalenga kwa uhuru, ila zombi hafi kwa risasi moja wala tatu, na unavyotembea ukilenga alama ya shabaha inapanuka, hadi usimame ndipo inapobana. Ramani inaonyesha kwa rangi nyekundu chumba ambacho hujakimaliza, na inageuka buluu ukishachukua kila kitu, kwa hiyo mgeni anasaidiwa kujenga ile picha ya kichwani bila kufanyiwa kazi yote. Kisha anakuja jitu la kofia nyeusi, ambalo wachezaji humwita Mr. X. Mwaka 1998 alitokea katika safari ya pili tu, mahali palipopangwa. Mwaka 2019 anatembea kituo kizima akikutafuta, na unasikia viatu vyake juu ya dari, kisha kwenye ngazi, kisha nyuma ya mlango wa chumba ulichomo. Hata ukumbi mkuu, ulikozoea kuhifadhi na kupumua, anaingia.

Ndiyo maana namshauri mgeni aanze na Resident Evil 2 ya 2019, kisha toleo la 2002 la jumba la Spencer kama hesabu ya risasi imemvutia zaidi, au Resident Evil 4 ya 2023 kama kilichomfurahisha ni kulenga na kupigana. Anayejijua kuwa mwoga wa giza aiache ya 2017 kwa muda; anayetafuta hofu kwanza aianze hiyo na asimsikilize mtu.

Katika ya 2019 chagua kiwango cha kawaida cha ugumu, kwa sababu kile cha juu kinarudisha utepe wa wino, na utepe ni mzuri zaidi ukishaijua nyumba. Weka spika za masikioni ili uvisikie viatu vya Mr. X. Mbao za kuziba madirisha usizitumie zote mara unapozipata. Tembea kwanza, ujue ni ushoroba upi utaupita kila unapotoka ukumbini kwenda chumba cha picha upande wa magharibi, na madirisha yake ndiyo uanze kuyaziba.